Treni ya Kalemie na kopo la sardini



Nilikuwa na miaka saba wakati mama alinipandisha treni mara ya kwanza, pale Kalemie. Alibeba magunia mawili ya ndakala za kuuza Kabalo. Reli ile, iliyomalizika mwaka 1915, inaacha ziwa Tanganyika na kufuata mto Lukuga mpaka Lualaba, karibu kilometa 270. Karibu na Nyunzu treni ilisimama siku mbili. Usiku mvua ikaingia ndani ya behewa. Mama alivua kitenge chake cha juu, akafunika magunia, si mimi. Nikalia. Akaniambia: "Mwanangu, hizi ndakala ndizo daftari zako."

Tuliuza. Mwaka ule nilisoma.

Kurudi nyumbani nikatengeneza treni yangu: kopo la sardini, waya, na vifuniko vya chupa kuwa magurudumu. Kaka zangu walinicheka, eti mchezo wa wavulana. Mama hakusema neno. Aliniokotea makopo mengine.

Leo mimi ni mwalimu, na treni hizo ndizo nafundishia vipimo. Upana wa reli yetu ni milimeta 1067. Tukigawa kwa 50 tunapata karibu milimeta 21; watoto wanapinda waya kwa kipimo hicho. Juzi msichana mmoja alificha treni yake chini ya meza, sababu nyumbani wanamkataza.

Mama, ukimuona binti yako ameokota kopo, usimnyang'anye. Mtafutie la pili.