Masazo ya Shamba: Haki ya Mtunzi na Nguvu ya Makampuni



Katika mikutano ya vijana parokiani swali moja linarudi mara kwa mara: je, kunakili kitabu au wimbo katika simu bila kulipa ni dhambi? Wengine hujibu upesi kwamba ni wizi, na mazungumzo yanaishia hapo. Wengine hucheka wakisema makampuni ya ng'ambo ni matajiri mno, hayatakufa njaa kwa sababu yetu. Majibu yote mawili ni mafupi kuliko swali lenyewe. Amri ya saba inamtazama anayechukua, lakini inamtazama pia anayezuia. Kwa hiyo tutafakari polepole.

Maandiko Matakatifu yanatupa pa kuanzia. Katika kitabu cha Walawi, mwenye shamba anatambuliwa kuwa mwenye shamba. Hata hivyo anaagizwa asivune mpaka pembeni kabisa, wala asirudi kuokota masazo ya mavuno, kwa kuwa hayo ni ya maskini na ya mgeni. Kitabu hicho hicho kinaweka mwaka wa hamsini, mwaka wa Jubilei, ambapo ardhi iliyouzwa kwa ajili ya ufukara inarudi kwa wenyewe. Umiliki ni halali, ila umewekewa mipaka miwili: sehemu iliyoachwa kwa maskini, na muda unaokwisha.

Sheria za watunzi zilianza kwa hekima inayofanana na hiyo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1710 ilimpa mwandishi wa kitabu kipya haki ya miaka 14, na miaka 14 mingine kama angali hai. Baada ya hapo kitabu kilikuwa cha wote. Mkataba wa Berne, uliotiwa sahihi mwaka 1886, leo unadai kwa kawaida ulinzi usiopungua miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Mtunzi ale mkate wa jasho lake, kisha watu wote waokote masazo. Uovu haumo katika sheria kuwapo. Umo katika mkono unaoivuta upande mmoja.

Tutazame wimbo mmoja wa Afrika. Mwaka 1939, Johannesburg, Mzulu mmoja jina lake Solomon Linda alirekodi pamoja na kundi lake wimbo uitwao « Mbube », maana yake simba. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ile ile iliyourekodi, naye aliiachia haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo ulivuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno, ukaimbwa Marekani na makundi mengi, na mwaka 1961 toleo la Kiingereza likapata sifa kubwa. Mwaka 1962 Linda alifariki akiwa maskini, na kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa hata na jiwe. Mwaka 1994 wimbo huo ulisikika katika filamu « The Lion King » ya kampuni ya Disney. Kila aliyeuimba alilindwa na sheria, aliyeutunga hakuonekana.

Lakini sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini, ilikuwa na kifungu kilichosahauliwa: haki zilizouzwa na mtunzi zinarudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Hiyo ni Jubilei ndogo ndani ya sheria ya kikoloni. Kwa kifungu hicho warithi walifungua kesi mwaka 2004, na mwaka 2006 mapatano yakafikiwa: Linda akakubaliwa kuwa mtunzi pamoja na wengine, na familia ikapewa haki ya kulipwa. Binti zake walikuwa wamengoja zaidi ya miaka arobaini tangu baba yao azikwe.

Sasa tulinganishe. Mwaka 1998, Marekani iliongeza miaka 20 juu ya ulinzi wa kazi za watunzi: miaka 70 baada ya kifo, na kwa kazi za makampuni miaka 95 tangu kutolewa. Disney ilikuwa miongoni mwa makampuni yaliyoiomba sheria hiyo. Filamu fupi ya mwaka 1928 iliyomtambulisha Mickey Mouse ilikuwa karibu kuwa mali ya wote. Ikangoja mpaka tarehe 1 Januari 2024. Nyongeza hiyo iligusa hata kazi za watu waliokwisha kufa, kana kwamba marehemu angeweza kushawishiwa kutunga zaidi. Waliopinga walifika Mahakama Kuu, nao mwaka 2003 wakashindwa kwa majaji saba dhidi ya wawili. Warithi wa mfanyakazi mmoja walitafuta haki yao kwa miongo. Kampuni kubwa iliongezewa miaka ishirini kwa sheria moja.

Teknolojia imeongeza jambo la tatu: kufuli. Mwaka huo huo wa 1998 Marekani ilikataza pia kuvunja kufuli za kielektroni zinazolinda kazi za watunzi. Katazo hilo likafika hata mashambani, kwa kuwa trekta la siku hizi lina programu ndani yake, na mkulima akaambiwa asiiguse hata akitaka kutengeneza mashine aliyoinunua mwenyewe. Mwaka 2015 alipewa ruhusa, lakini ruhusa za namna hiyo huchunguzwa upya kila miaka mitatu. Mwaka 2009, kampuni ya Amazon iliingia kwa mbali katika vifaa vya kusomea vya wateja wake na kuviondoa vitabu viwili vya George Orwell walivyokuwa wamevilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki ya kuviuza Marekani. Kimoja kilikuwa « 1984 », kitabu kinachosimulia utawala unaofuta maandishi. Kampuni iliomba radhi na kurudisha fedha. Hata hivyo dunia ilijua kwamba mtu anaweza kununua kitabu na bado asiwe nacho.

Sisi tunaowaandaa walimu tunaujua uzito wa jambo hilo. Kwa miaka miwili wanafunzi wetu wa ualimu walichanga franka zao ili wasome vitabu vya mbinu za kufundisha kwa njia ya programu ya kampuni moja ya ng'ambo. Siku moja masharti yalibadilika: malipo ya kila mwezi, na kwa dola. Aliyeshindwa alikuta vitabu vyote vimefungwa, hata alivyokwisha kuvilipia. Yalikuwa yamebaki majuma machache kabla ya mazoezi ya kufundisha. Tuliandika barua tatu. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, bila jina la mtu. Vijana wale walirudia kitabu kimoja cha karatasi kilichochakaa, wakakipitisha mkono kwa mkono mpaka usiku. Kitabu hicho kimewatumikia walimu wengi, wala hakijawahi kuomba malipo mapya. Katika simu zile zilizofungwa huenda mlikuwamo kobalti ya udongo wetu wa Kongo; ufunguo tu haukuwa wetu.

Kanisa linasema nini? Yohane Paulo II alifundisha huko Puebla mwaka 1979 kwamba juu ya kila mali ya binafsi kuna rehani ya kijamii, yaani deni kwa jamaa nzima ya wanadamu. Mwaka 1991, katika waraka wa « Centesimus Annus », alionyesha kwamba mali ya zama zetu si ardhi tu, bali pia ujuzi na teknolojia. Benedikto wa kumi na sita, katika « Caritas in Veritate » ya mwaka 2009, alizilaumu nchi tajiri kwa kulinda maarifa kwa ukali uliopita kiasi, hasa katika mambo ya afya. Shamba la akili nalo lina pembe zake, nazo si za mwenye shamba.

Basi tulijibu swali lenu. Katekisimu inafundisha kwamba wizi ni kuchukua mali ya mwingine dhidi ya matakwa yake yaliyo ya haki, na kwamba katika shida ya lazima na ya haraka mambo huweza kupimwa kwa namna nyingine. Mlango huo ni mwembamba. Aliyekosa njia nyingine yoyote ya kupata kitabu cha masomo hafanani na anayenakili filamu mia moja ili aziuze sokoni. Wa pili asitafute kichaka katika dhambi za makampuni. Na anayerekodi nyimbo za mtunzi wa kwaya ya jirani, akaziuza bila hata kulitaja jina lake, anamtendea Solomon Linda wa parokia yetu yale yale tunayoyalaani kwa wengine.

Lakini kutokuiba hakutoshi. Sheria iliyopindwa na watu inaweza kunyoshwa na watu. Mwaka 2013, huko Marrakesh, mataifa yalikubaliana kwamba vitabu viweze kugeuzwa maandishi ya vipofu bila kumwomba ruhusa mwenye haki. Mapatano hayo yalianza kutumika mwaka 2016. Vipofu na marafiki zao walidai kwa subira, na pembe ya shamba ikaachwa. Vijana wa Kongo nao wasome sheria, watunge vitabu vyao na kuviachia shule, wawaulize wabunge wao wanatia sahihi nini kwa jina letu.

Kwa mazungumzo katika vikundi:

1. Ni nani parokiani ametunga wimbo tunaouimba, na tumemshukuru kwa njia gani?

2. Ni kitu gani tulichokinunua ambacho mwingine angali anashika ufunguo wake?

3. Sisi wenyewe tuna ujuzi gani, na tumemwachia nani masazo yake?