Herufi za Mlazo za Kamituga

Kamituga ninayoikumbuka, mji wa machimbo ya dhahabu wa Kivu Kusini, Kongo, kabla turubai za plastiki hazijafunika mbele za maduka, iliandikwa kwa brashi. Juu ya milango ya wanunuzi wa dhahabu kulikuwa na mbao zenye maneno ACHAT D'OR kwa herufi nene, nyembamba kwa umbo, zilizoinama kidogo kulia. Leo maneno ni yaleyale na mwinamo upo, ila kazi inatoka kwenye mashine. Wengi husema kilichoongezeka ni kasi tu. Mimi naona umbo lenyewe limebadilika: zamani herufi ilichorwa iwe nyembamba, siku hizi inafinywa.

Chukua neno QUINCAILLERIE, yaani duka la vifaa vya chuma. Lina herufi 13, na ubao haupanuki kwa sababu mwenye duka anauza misumari. Mchoraji alipunguza uwazi ulio ndani ya herufi, lakini brashi yake bapa ilibaki na upana uleule, kwa hiyo miguu ya N na U haikukonda, na neno likasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kompyuta ikiamriwa kulibana neno hilo hupunguza kila kitu kwa upana: mistari ya wima hudhoofika, ya mlalo inabaki minene, E inakuwa kichwa na miguu bila mgongo. Ikiamriwa kulilaza, O huvimba juu kulia na chini kushoto, ikakonda kwingine. Hata fonti nzuri haiponi. Impact, aliyoichora Geoffrey Lee mwaka 1965 kwa kiwanda cha herufi cha Stephenson Blake cha Uingereza, ni nyembamba na nzito kwa kuzaliwa, lakini ile inayokuja na Windows haina mlazo wake, yaani umbo lililochorwa likiwa limelala. Ukiiona imelala, ujue imesukumwa na kompyuta.

Nitaambiwa kwamba mchimbaji mwenye gramu yake mfukoni hatazami O, anatazama bei. Nitaambiwa pia kwamba wachoraji hawakuwa malaika, na ni kweli: wapo walioishiwa ubao kabla ya neno kwisha, herufi mbili za mwisho zikabanana pembeni kwa aibu. Lakini kosa lile lilikuwa la ubao mmoja. La fonti iliyosukumwa linachapishwa upya kila oda. Na kazi ile ya brashi ilikuwa shule. Msanii Chéri Samba alianza kwa kuchora mabango Kinshasa, akafungua karakana yake mwaka 1975, kisha akaingiza maandishi ndani ya picha zake.

Sidai turubai ziondolewe. Hoja ya gharama inayozitetea, ambayo ndiyo nzito kuliko zote, haigusi herufi: fonti ya Barlow Condensed ya Jeremy Tribby inapatikana bure, pamoja na mlazo wake, katika unene wa aina 9. Mchapishaji wa turubai wa Bukavu, makao makuu ya jimbo, anaweza kuipakua leo, na QUINCAILLERIE ikaenea bila kufinywa.