Usafi wa Ndani ya Mpira wa Trekta



Katika milima yetu ya Usambara matrekta si mengi, kwa kuwa mashamba yetu yamelala juu ya miteremko, na huko jembe la mkono ndilo lifanyalo kazi. Walakini trekta lenye kijiko mbele lafaa sana penye tambarare na barabarani. Hupakia samadi na mchanga, na wakati wa mvua huondoa udongo ulioporomoka njiani. Kila apitaye kati ya Mombo na Lushoto ajua maana ya njia kuzibwa: mboga huoza katika matenga, na mgonjwa hungoja.

Nguvu ya kijiko hicho haitoki katika kamba wala minyororo, bali katika mafuta. Pampu husukuma mafuta ndani ya mipira minene, ambayo mafundi huiita hozi. Mafuta huingia katika silinda, husukuma pistoni, na kijiko huinuka. Elimu hiyo ni ya zamani. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, alieleza kwamba maji yaliyofungiwa chomboni yakisukumwa mahali pamoja, msukumo huenea pande zote sawasawa. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipewa hati ya serikali kwa mashine ya kushindilia iliyofuata kanuni hiyo. Katika matrekta mengi ya siku hizi mafuta husukumwa kwa nguvu ya kilo 150 hadi 200 hivi juu ya kila sentimeta moja ya mraba. Tupate kufahamu, tukumbuke kwamba upepo wa gurudumu la motokaa ndogo ni kilo 2 na kitu tu.

Masika moja udongo ulishuka juu ya njia ya kijiji chetu, na trekta la jirani likaja kuuondoa. Kazi haijafika nusu, tukaona mafuta yakitona chini ya mkono wa kijiko. Kijana mmoja wa darasa letu la kipaimara, mwenye bidii, akanyosha mkono ili apapase mpira ajue pavujapo, hali injini inanguruma. Fundi akampigia kelele, akamvuta nyuma kwa ukosi wa shati. Kisha akatwaa kipande cha boksi gumu, akakipitisha kando ya mpira kwa mbali kidogo. Boksi likalowa na kuchimbika mahali ambapo macho yetu hayakuona kitu. Sote tukanyamaza.

Na hatari yenyewe ni hii. Tundu dogo kama ncha ya sindano hutoa mafuta kwa kasi, hata yakapenya ngozi. Wala glavu si kinga. Jeraha huonekana dogo, pengine halina maumivu makubwa mwanzoni. Lakini ndani mafuta huharibu nyama, na mtu aweza kupoteza kidole au mkono. Aliyepatwa na apelekwe hospitali saa ile ile, asingojee uvimbe, na amwambie daktari wazi kwamba mafuta ya mashine yameingia mwilini kwa nguvu. Mara nyingi yampasa kupasuliwa upesi.

Fundi alishusha kijiko hata kikalala chini, akazima injini, akavuta vishikio huku na huku ili nguvu iliyobaki ndani iishe, akangoja mafuta yapoe. Watu walinung'unika, kwa maana magari ya mboga yalikuwa yakingoja, yeye hakuharakisha. Kabla ya kulegeza nati alisugua matope yote ya nje kwa brashi na kitambaa kisichoacha nyuzi. Alitega beseni, mafuta yasiingie mferejini, kwani maji yetu ndiyo wanywayo walio chini yetu. Alifungua kwa spana mbili, moja ya kushika na moja ya kuzungusha, kisha akaziba kwa vifuniko safi vinywa vyote vilivyoachwa wazi.

Mpira mpya ulikuwa wa kipimo na nguvu ile ile ya ule wa kwanza. Alipoanza kuuosha ndani kwa mafuta safi, yule kijana akauliza, "Fundi, mpira huu ni mpya, waoshewa nini?"

Akajibu, "Mpya si safi, mwanangu. Ulipokatwa kwa msumeno, unga wa mpira na wa chuma ulibaki ndani."

Akatueleza kwamba punje isiyoonekana kwa macho hukwaruza pampu na kuta za silinda, na hasara yake hupita mara nyingi bei ya mpira. Akaufunga bila kuupota, akiutazama mstari ulioandikwa ubavuni mwake; wala hakuukaza kama kamba, maana mpira waweza kufupika nguvu ikiingia. Akaongeza mafuta, akaliwasha trekta polepole, akainua na kushusha kijiko mara kadhaa ili upepo utoke, akapima mafuta tena. Alasiri njia ikafunguka.

Ndugu zetu, Bwana wetu aliwaonya waliosafisha kikombe kwa nje na kuyaacha ya ndani. Onyo hilo ni la moyo kwanza, lakini fundi mcha Mungu hulishika hata karakanani. Vijana wetu wengi huteremka kwenda Tanga na Dar es Salaam kutafuta kazi ya ufundi, na huko wenye mali huwahimiza wamalize upesi. Sisi walimu tuwafundishe kabla hawajaondoka kwamba kusafisha si kupoteza wakati, na kwamba mkono wa mtu ni wa thamani kuliko trekta. Na nyumbani mwenu akiwamo kijana ashikaye spana, msomeeni maneno haya jioni, mkisha kusali.