Kitabu Ndani ya Diski

Jumanne, 10 Juni 2025

Mzee mmoja amekuja asubuhi na bahasha ya kaki. Ndani mna CD moja, juu yake mwandiko wa marehemu bosi kwa kalamu nyeusi: jina la kitabu, mwaka 2003, na neno KAMILI. Ni kitabu cha ukoo wake, kilipangwa katika studio hii na kuchapwa hapa hapa Gerezani. Nakala zimekwisha, wajukuu wanakitaka.

“Mwanangu, kazi si imo humo? Si ni kuwasha mashine tu?”

“Mzee, niachie kwanza niitazame.”

Hakuna kompyuta yetu hata moja yenye mlango wa CD. Jirani wa ghorofa ya chini ameniazima kisomeo cha USB. Diski inafika katikati inakwama. Si ajabu: data ya CD-R imo kwenye tabaka jembamba la rangi lililochomwa kwa leza, na rangi ile haipatani na joto, unyevu wala jua. Dar es Salaam ina vyote vitatu. Nimeiacha usiku kwenye laptopu ya Linux, na ddrescue inaisoma. Programu hii huchukua kwanza sehemu zinazotoka bila taabu, ndipo inarudi kuzing'ang'ania zile sugu. Kunakili kwa kawaida kungekatika kwenye kosa la kwanza.

Alhamisi, 12 Juni

Umeme ulikatika usiku wa kwanza, lakini ddrescue huweka ramani ya ilipofikia, ikaendelea pale pale. Leo kila kitu kimetoka isipokuwa picha mbili.

Faili kuu ni ya PageMaker 7, toleo la 2001, la mwisho kabisa. Nimekaa nikiitazama ile alama yake kwenye kioo. PageMaker ya kwanza ilitoka 1985 kwa kampuni ya Aldus. Pamoja na printa ya leza ya Apple na lugha ya PostScript, iliwatoa watu kwenye mkasi na gundi. Bosi alijifunzia kazi kwenye programu hiyo. InDesign, iliyokuja 1999, iliendelea kufungua faili zake hadi CS6 ya 2012. Matoleo ya kulipia usajili pekee, yaliyoanza 2013, hayazifungui. Fonti nazo ni za Type 1, ambazo programu hizo ziliacha kuzipokea Januari 2023. Kwa hiyo kompyuta yetu bora kuliko zote, tunayoilipia kila mwezi, haiwezi kusoma kitabu kilichotengenezwa kwenye meza ile ile ilipokaa.

Nimeiteremsha kutoka stoo ile mashine yetu ya zamani ya Windows XP. Haijaunganishwa na intaneti miaka mingi na haitaunganishwa. PageMaker imo bado. Kitabu kimefunguka, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, herufi zikiwa mahali pake.

Kimefunguka kwa sababu ya bosi. Faili hii ya PageMaker haikumeza picha ndani yake. Ilikumbuka tu mahali zilipo. Wengi wakati ule walichoma faili moja kwenye CD wakaona yametosha. Yeye aliweka folda ya picha, zote TIFF za 300 dpi, folda ya fonti, hata maandishi matupu ya mwandishi kabla ya kupangwa. Neno KAMILI lilikuwa na maana yake.

Jumamosi, 14 Juni

Kijana wetu hapa studio anataka kompyuta mpya. Ana hoja. Oda ya kanga aliyonayo inamgandishia mashine kila baada ya dakika chache. Tumekaa tukapiga hesabu pamoja. Kanga ni kama sentimeta 150 kwa 110. Kwa 300 dpi hizo ni pikseli milioni 230 hivi, na kwa rangi nne ni karibu megabaiti 920 kwa tabaka moja. Yeye ana matabaka zaidi ya kumi, na RAM ni gigabaiti 16.

Nikamwuliza, “Kiwandani watataka nini?” Kila rangi peke yake, maana kila rangi ina skrini yake ya kuchapia. Basi ua la pindo halina haja ya kuwa pikseli. Tumelichora upya kwenye Inkscape: ua moja limechorwa mara moja, mengine yote kwenye pindo ni marejeo yake tu. Ukibadilisha la kwanza, pindo zima linafuata. Faili imeshuka hadi kilobaiti mia kadhaa, na ile ile kompyuta inaisogeza bila kuhema. Tena ni SVG, kiwango cha wazi tangu 2001. Ndani ni maandishi, mtu anaweza kuyasoma hata bila programu ya kuchorea. Hilo limenifurahisha kuliko kasi. Jina la kanga tumelihifadhi mara mbili: moja likiwa herufi hai, la pili limegeuzwa michoro kwa ajili ya kiwanda.

Mashine ya mapokezi haitaweza kupanda Windows 11, na msaada wa Windows 10 unakoma 14 Oktoba 2025. Chuma chake ni kizima. Nitaiwekea Linux.

Jumatano, 18 Juni

Maandishi yametoka kwenye PageMaker salama, ila kila ukurasa wa zamani una maneno yaliyokatwa kwa kanuni za Kiingereza, mfano “wak-aenda”.  Silabi zetu huishia kwenye irabu karibu zote, kwa hiyo mkataji wa Kiswahili ni kazi nyepesi mno kwa kompyuta, na bado programu kubwa tunazozilipia hazikutupa. Linaniudhi sana. Nimezima ukataji wote, ninaukata kwa mkono pale tu mstari unapoachia mapengo.

Nimekipanga upya kwenye InDesign. Scribus ningeiweza, lakini kwa kitabu kirefu chenye majedwali ya uzao, InDesign bado inanirahisishia. Kwenye folda ya mwisho nitaweka PDF/X ya kuchapia, IDML ambayo hata Affinity hufungua, maandishi matupu, fonti, na picha. Nakala moja hapa, moja kwenye diski ya nje nyumbani, moja mtandaoni.

Picha mbili zilizopotea nilijaribu kuziskani kutoka kitabu chenyewe. Haifai. Nukta za uchapaji zinagongana na za skana, sura ya bibi aliye pichani inajaa mawimbi. Nimempigia mzee atafute picha halisi.

Jumatatu, 23 Juni

Amezileta ndani ya albamu, amezifunga kwa kanga. Nimeziskani kwa 600 dpi, kijivu, nikazirudisha mkononi mwake kabla hajamaliza chai.

Alipoipata prufu akaisoma jina kwa jina, kidole juu ya karatasi. Kwenye tawi la dada yake akasimama.

“Hawa waliozaliwa baada ya kitabu, hamna pa kuwaweka?”

“Wapo wangapi, mzee?”

“Niletee karatasi.”

Ameandika majina yakajaza pande mbili. Kama tungekuwa na PDF pekee, ningemwambia haiwezekani. Jedwali la ukurasa wa 41 litapanuka liingie la 42, na yaliyofuata yote yatasogea. Kijana ameshaanza. Kava lenyewe halijabadilika ila uti wa kitabu, unaongezeka kwa unene wa kurasa nne; nimewaandikia wanaotengeneza pleti za kuchapia wasitoe chochote hadi tuwape kipimo kipya.