Maharagi ya mama na rundo la karata 60

Mama mmoja mzaliwa wa Uvira, anayeishi leo na watoto wake Des Moines, katika jimbo la Iowa kule Marekani, aligundua kwamba maharagi yake yanapungua bila kupikwa. Alihesabu vikombe alivyopima, akahesabu na siku, hesabu ikakataa. Siku ya tatu akayakuta juu ya kitanda cha kijana wake wa kwanza, mwenye miaka 17: punje kumi na tano hivi zimepangwa mstari, na mbele yake karata zenye picha za askari na za vijitu vyenye masikio marefu.

«Hii ni nini?»

«Ni jeshi yangu, mama.»

Mama hakucheka. Mchezo wenyewe unaitwa Magic, na yeye Kiingereza chake kidogo kilitosha kuelewa kwamba jina hilo ni uchawi. Kwa mtu aliyekulia Kivu Kusini hilo si neno la kufanyia mzaha. Wapo watoto waliofukuzwa nyumbani kwao kwa sababu ya neno hilo tu. Tena ni karata, na karata kwa watu wa kanisa lake maana yake ni kamari. Dhambi mbili juu ya kitanda kimoja, na maharagi yake katikati.

Kijana alijitetea kadiri alivyoweza. Alisema mchezo huo haukutoka kwa mganga, ulitungwa na mwalimu wa hesabu, Richard Garfield, ukaanza kuuzwa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Hakuna anayeweka feza mezani. Kila mtu anakuja na rundo lake la karata alizochagua mwenyewe nyumbani, anaanza na uhai wa 20, na anayefika sifuri ameshindwa.

«Sasa feza inaenda wapi?» mama akauliza.

Inaenda dukani. Karata zinauzwa katika pakiti zilizofungwa, na mnunuzi hajui atakuta nini ndani. Kwa hiyo mama, pamoja na hofu yake yote, hakukosea sana aliposikia harufu ya kamari. Kijana mwenyewe alikuwa ameshaacha kununua pakiti. Karata zake nyingi alipewa na wenzake wa shule, au alizinunua moja moja kwa senti.

Maharagi yalikuwa na kazi yake. Katika mchezo huo kuna karata ambazo ukizicheza zinaleta viumbe visivyo na karata. Karata inasema tu: weka askari wawili uwanjani. Askari hao hawamo kwenye rundo lako, kwa hiyo unahitaji kitu cha kuwawakilisha, jetoni yoyote: sarafu, shanga, kipande cha karatasi. Kijana huyo alizaliwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu kule Tanzania, ambako watoto walicheza dama kwa vifuniko vya chupa. Kutumia punje ya haragi mahali pa askari hakukumpa shida yoyote.

Jetoni zina sheria moja ngumu. Kiumbe chenye karata kikirudishwa mkononi mwa mwenyewe, kitachezwa tena kesho. Jetoni ikitoka uwanjani, kwa njia yoyote, imekwisha. Haina mkono wa kuipokea wala rundo la kurudia.

Rundo lake lote lilijengwa juu ya jetoni, rangi nyeupe na nyekundu, na lilikuwa linashindwa kila Jumamosi katika maktaba ya mtaa wanakokutana vijana. Alikuwa na karata 78. Sheria inataka zisipungue 60, na yeye aliona kwamba nyingi zaidi ni bora zaidi. Humo ndani ardhi zilikuwa 20 tu. Ardhi ndizo zinazotoa nguvu ya kuchezea karata nyingine. Bila ardhi unakaa na mikono imejaa na huwezi kufanya kitu. Mchezaji anaanza na karata 7. Ukiwa na ardhi 20 katika 78, mkono wa kwanza unaleta ardhi karibu 2, mara nyingi 1. Mara ngapi alikaa akitazama wenzake wanacheza! Na siku ardhi zikija, alijaza uwanja maharagi madogo, kila moja nguvu 1 na uhai 1, nayo yakasimama mbele ya kiumbe kimoja kikubwa cha mpinzani bila kujua la kufanya. Halafu mpinzani anacheza Pyroclasm, karata ya nguvu 2 tu ambayo inampiga kila kiumbe pigo la 2, na meza yote inabaki tupu.

Dawa aliyoifikiria ilikuwa moja: kununua Anointed Procession. Ni karata nyeupe iliyotoka mwaka 2017, ambayo inafanya kila jetoni unayoleta iwe mbili. Ni karata inayotafutwa na wengi na bei yake wakati huo ilikuwa makumi ya dola. Alikuwa akiosha vyombo katika mgahawa siku za mwisho wa juma, na alikuwa ameweka dola 45 kwa ajili yake.

Wiki ileile ikafika sauti ya mama mdogo kwenye WhatsApp. Mama mdogo alikuwa Bukavu mpaka Februari 2025, M23 ilipoingia mjini. Alivuka Rusizi na watoto watatu, akapita mikononi mwa wengi, leo wako Burundi katika kambi ya Musenyi. Hakuomba mengi. Mvua inaingia, mtoto wa pili anakohoa. Mama alisikiliza sauti hiyo mara mbili akiwa amesimama jikoni, kisha akauliza nyumba nzima, bila kumtazama mtu, nani ana dola.

Kijana alitoa 45. Haifai kumfanya malaika: alitoa, akaingia chumbani, akafunga mlango, na jioni hiyo hakula.

Ni baada ya hapo alipochukua kalamu na kufanya kile ambacho angepaswa kufanya tangu mwanzo, yaani hesabu. Karata moja kati ya 78: katika karata 12 za kwanza utakazoona, nafasi ya kuikuta haifiki 1 kati ya 6. Na hata ukiikuta, inadai nguvu 4, yaani ardhi 4, wakati rundo lake lilikuwa linakwama kwenye 2. Dola 45 zingekwenda kununua karata ambayo angeishika tu mkononi akiitazama. Hilo lilimtuliza kidogo, ingawa si sana.

Akaanza kutoa. Kila aliyewahi kujenga rundo anajua kwamba kutoa ndiyo kazi yenyewe. Kuongeza hata mtoto anaweza. Alitoa kila kinachodai nguvu 5 na kuendelea. Alitoa karata za kuponya, kwa sababu zinachelewesha kushindwa tu. La mwisho lilikuwa joka jekundu la nguvu 6, zuri sana, karata ya kwanza aliyopata Marekani. Alipewa ndani ya basi la shule na mvulana mmoja, wakati yeye bado hajui Kiingereza cha kusema asante. Joka lilirudi mezani mara tatu na kutoka mara tatu. Mwishowe liliingia katika sanduku la cheti chake cha ubatizo.

Zilipobaki 60 zilikuwa hivi. Ardhi 24, ili mkono wa 7 ulete karibu 3. Karata 20 za kuleta jetoni, zote za bei ndogo: Raise the Alarm inayoleta askari wawili, Dragon Fodder inayoleta vijitu viwili, na nyingine za ukoo huo. Karata 4 za radi, kuondoa kiumbe kinachokaa mlangoni. Zilizobaki 12 ndizo zilizobadilisha kila kitu, na ndizo ambazo zamani hakuwa nazo kabisa, maana alifikiri rundo la jetoni ni kuleta jetoni tu. Kumbe kuleta watu wengi bila kuwapa kitu cha kufanya ni kuwapanga foleni. Intangible Virtue inaipa kila jetoni nguvu 1 na uhai 1 zaidi, tena inaiwezesha kushambulia na bado kubaki imelinda nyumba. Haragi la 1 linakuwa la 2. Rally the Peasants inaongeza nguvu 2 kwa kila kinachoshambulia zamu hiyo, na baada ya kutumika inaweza kuchezwa tena mara moja kutoka kaburini. Na Impact Tremors, ambayo aliipenda kuliko zote: kila kiumbe chako kinapoingia uwanjani, mpinzani anapoteza uhai 1. Haragi limeingia, limeuma. Hata likifagiliwa dakika hiyohiyo, kazi limekwisha kufanya. Karata zote alizoongeza hazikumaliza dola 10, na nyingine alibadilishana na mwenzake kwa zile alizotoa.

Alipojaribu rundo jipya nyumbani alicheza na mdogo wake wa kike, na mama alikuwa pembeni anachambua sombe. Kijana alipata mkono mzuri. Zamu ya pili maharagi mawili, ya tatu mawili, ya nne manne. Akamaliza mkono wote. Mdogo wake, aliyepewa rundo lenye Pyroclasm, akafagia yote.

Mama akanyanyua kichwa. «Unaweka yote inje? Na mvua ikikuya?»

Mama huyo aliuza ndagala sokoni Uvira na mama yake mzazi kabla ya kukimbia mwaka 1998, na akauza tena kule kambini. Hakuna siku aliyoweka samaki wote juu ya meza. Sehemu moja inaonekana, ya kuvuta wateja. Nyingine imo ndani ya beseni, imefunikwa kwa kitenge. Mvua ikija ghafla, au askari wakipita, unapoteza cha juu ya meza. Cha kwenye beseni unaondoka nacho kichwani.

Kijana alikuwa amesoma maneno hayo kwa Kiingereza mara nyingi, kwamba usimwage mkono wako wote, lakini hayakuwahi kuingia. Hayo ya ndagala yaliingia. Tangu siku hiyo akiwa na maharagi manne yenye nguvu ya kutosha mezani, anashika karata mbili mkononi na kungoja.

Akagundua pia thamani ya Raise the Alarm. Kiumbe kilichoingia zamu hii hakishambulii mpaka zamu yako inayofuata. Lakini karata hiyo unaweza kuicheza wakati wowote, hata katika zamu ya mpinzani. Basi unangoja. Anamaliza mambo yake yote, amekwisha kutumia nguvu yake, anataka kukuachia zamu: hapo unaweka maharagi mawili. Hana tena muda wa kuyafagia, na zamu yako ikianza yako tayari kwenda. Ni beseni la mama, limefunuliwa saa inayofaa.

Maktabani alishinda michezo miwili Jumamosi iliyofuata, akashindwa mmoja. Aliyemshinda alirudisha mkononi kwake jetoni yake iliyokuwa na nguvu kuliko zote, na kwa sheria ile ngumu, ikapotea. Mama bado hajalikubali jina la mchezo. Katika nyumba hiyo unaitwa «ile ya maharagi», na kijana amepewa kikombe kimoja chake, asiguse gunia.

Katika kutuma habari, alimweleza mtoto wa mama mdogo, mwenye miaka 13, jinsi unavyochezwa. Mashindano rasmi yanataka karata halisi, lakini nyumbani hakuna anayekataza karatasi. Alimtumia orodha yote 60 na maana ya kila moja kwa Kiswahili, kwa sauti, vipande vifupi vifupi kwa sababu ya megabaiti. Mtoto alikata makatoni ya msaada, akaandika kwa biki. Alifika kwenye ile sheria ya jetoni, akauliza: «Zikitoka haziwezi kurudia? Hazina kwao?» Kijana alijibu kwamba hazina.

Zikapita siku nne. Kisha picha: makatoni 60 juu ya mkeka, yamepangwa vizuri, na watoto wengine watano wamezunguka. Kijana aliikuza kwenye telefone, akaona jetoni zao hazifanani na zake.

«Maharagi iko wapi?» akaandika.

«Maharagi tunakula, yaya. Sisi tunacheza na mawe.»

Akakaa kidogo. Kisha akauliza ardhi ametia ngapi.

«24. Kama ulisema.»