Binti Anayechora Akina Mama wa Feri

Akina mama wengi tukisikia binti aliyemaliza kidato cha sita anataka kuishi kwa kuchora picha, tena kwenye kioo cha tableti, moyo hushtuka. Twauliza atakula nini. Katika umoja wa wanawake wa usharika wetu yuko mama mwenzetu aliyeuliza swali hilo miaka miwili mizima, wala hatukumlaumu, maana karo alilipa yeye. Tulimkumbusha habari za Bezaleli katika kitabu cha Kutoka, ambaye Mungu alimjaza ujuzi wa kazi za ustadi. Akatujibu kwamba Bezaleli alikuwa na hema la kujenga, je, mwanawe ana nini?

Sisi kwa kazi yetu ya uuguzi twatumia picha kila siku kliniki, hivyo tulipata nafasi ya kukaa na binti huyo na kuitazama kazi yake kwa karibu.

Yeye huanzia Magogoni. Asubuhi na mapema hukaa mahali kivuko cha Kigamboni kinapoteremsha abiria, hatua chache kutoka soko la samaki la Feri. Hapo hakuna mtu anayesimama kumsubiri amchore. Mama anapita na ndoo ya samaki kichwani, na binti ana nukta chache tu za kumwona. Anachotafuta kwanza si uso wala nguo, bali mwili umeelemea wapi. Mstari wa kwanza hutoka kisogoni, hupita mgongoni, hushuka hadi kisigino kwa mkupuo mmoja. "Mama, huo ukiharibika, hata nikichora macho mazuri hayanisaidii," alituambia.

Kalamu yake aliinunua Kariakoo, baada ya kulinganisha bei duka hadi duka. Huhisi mkono unakandamiza kiasi gani. Nyingi za namna hiyo hutambua ngazi 4,096, kwa hiyo mstari waweza kuanza mwembamba kama unywele ukaishia mnene kama kamba ya mashua. Lakini haunenepeshi ovyo. Mstari huwa mnene pale uzito ulipo: shingoni chini ya ndoo, chini ya makalio ya mtoto aliyebebwa mgongoni, kisiginoni kinapokanyaga ardhi. Upande unaopigwa na jua la baharini hukonda, pengine hukatika kabisa, na jicho la mtazamaji humalizia lenyewe. Anayefunga kila mstari, asema, amechora sanamu ya saruji.

Programu anayochorea yaitwa Krita, nayo hutolewa bure. Ndani yake mna kifaa cha kunyoosha mstari ili mtetemo wa mkono usionekane. Vijana wengi hukipenda, yeye amekizima. Kipo pia kitufe cha kutengua ulichochora, na hapo tulicheka, maana amejiwekea kipimo cha kutengua mara tatu tu kwa picha moja, kama mgonjwa aliyeandikiwa dozi. Akifuta mara arobaini, asema, hubaki na mstari safi usio na mtu ndani yake.

Kuna jambo jingine lililotugusa. Tableti humruhusu mchoraji kuweka rasimu kwenye tabaka la chini, kisha akapitisha mistari safi juu yake. Kwa maoni ya binti huyu picha nyingi hufia hapo. Mkono unaofuata mstari uliokwisha kuchorwa huogopa, kama mtoto wa chekechea anayefuatisha irabu za nukta nukta. Yeye huiweka rasimu kando, akachora upya huku akiitazama.

Kioo ndicho kigeni. Mambo yenyewe tulikuwa nayo. Waliosoma gazeti la Uhuru miaka ya 1970 watamkumbuka Chakubanga wa Christian Gregory, mistari michache ya wino na kila mtaa ukadhani ni jirani yao. George Lilanga (1934–2005) alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, na mashetani wake wenye masikio makubwa yalifika nchi za mbali. (Wako wapendwa wasiopenda mashetani hayo. Sisi twatazama mkono.) Nasi wauguzi tunacho kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari cha David Werner, kilichotoka kwanza kwa Kispania mwaka 1973 kwa ajili ya wanavijiji wa milimani Meksiko. Michoro mingi aliichora mwenyewe, mistari mitupu, ambayo muuguzi aweza kuinakili kwenye karatasi ya manila jioni moja.

Basi kliniki ya wajawazito tulihitaji bango la dalili za hatari. Mnazijua, lakini hatuchoki kuzirudia: kutokwa damu, kuumwa kichwa sana, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, kifafa, homa, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Bango la zamani lilikuwa na mama mwenye mashavu laini aliyeshika kichwa huku karibu anatabasamu. Wajawazito walikaa chini yake kutwa bila kulitazama. Binti alikuja akakaa nao kwenye foleni siku mbili. Akachora mama aliyeegemea ukuta, kitenge kimelegea, kandambili hazimwingii. Kope nzito, mstari mmoja mnene. Kidole kimevimba na pete imezama. Pete hiyo hatukumwagiza, aliiona mwenyewe.

Wiki ya pili mama mmoja wa mimba ya kwanza, miezi minane, alisimama mbele ya bango akatazama mkono wake. Alikuwa amevua pete siku tatu zilizopita kwa kuwa ilimbana, wala hakuona kama ni jambo la kumwambia muuguzi. Tulipima presha, 160 kwa 110, na mkojo ulikuwa na protini. Siku ileile alipelekwa hospitali ya rufaa, na akajifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Mashine ndiyo iliyopima na madaktari ndio waliotibu, lakini foleni ilikuwa ndefu siku hiyo, naye alikuwa amekwisha kuinuka aende zake.

Mama yake binti alikuja kuliona bango. Alilitazama kitambo, kisha akauliza tumemlipa mwanawe kiasi gani. Tukamtajia. "Kidogo," akasema. "Mwambieni apandishe."

Sasa tumemwagiza bango la kunyonyesha, kwa bei mpya. Anatafuta akina mama watatu au wanne wenye watoto wa chini ya miezi sita, wakae naye asubuhi moja. Asema mkono unaoshika kichwa cha mtoto hawezi kuuchora kwa kukisia.