Vidude vya kuua kelele: tumevijaribu Tunduma

Kimya changu kisiwatishe, nipo hai. TP imebana, na baridi ya Tunduma inakufanya ulale na soksi mbili. Leo siandiki habari za maazimio ya kazi wala maandalio ya somo, hayo mnayo ya kwenu. Leo ni vidude.

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali lile lile: hivi zile iafoni za kuua kelele zinafanya kazi kweli, au ni maneno ya kwenye boksi tu? Naona hela ya TP ikiingia kila mtu anawaza masikio yake.

Sasa kama kuna mji wa kujaribia kitu kama hicho, ni huu. Barabara kuu ya kutoka Dar inakuja mpaka hapa ndipo inaingia Zambia. Ukivuka geti uko Nakonde. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2019 na kimesaidia, lakini malori ni mengi jamani. Mafuta na mbolea vinakwenda, shaba ya Zambia na Kongo inashuka bandarini. Foleni ikikaza, lori linasimama dirishani kwako na injini inawaka usiku kucha. Ongeza honi, breki za upepo, bodaboda, na yule bwana wa dawa ya panya na mende ambaye kipaza sauti chake kina betri isiyokwisha. Usiku mara moja moja na treni ya TAZARA nayo inatoa salamu.

Chumba chetu kiko hatua chache kutoka barabarani. Tuko wasichana watatu: mimi wa Fizikia, mmoja wa Jiografia, mwingine wa Kiswahili. Nitawaita kwa masomo yao wasije wakaninyima ugali. Kiswahili analala popote, hata ukimweka kwenye spika ya disko. Jiografia ndiye anayeteseka. Wiki ya tano hii halali, kichwa kinamuuma, anasahihisha madaftari huku anasinzia. Mkaguzi kutoka chuo anakuja wiki ijayo. Amebakiwa na sh. 120,000 ya kula mpaka TP iishe, na juzi duka moja limemwonyesha iafoni ya sh. 95,000. Akataka kununua palepale. Nikamwambia, mwenzangu tulia, hiyo ni unga, maharage na nauli za wiki tatu. Kwanza tuzijaribu.

Kabla ya majaribio, fizikia kidogo, msikimbie. Sauti ni wimbi la hewa, ina mwinuko na bonde. Kidude kina maikrofoni ndogo nje inayosikiliza kelele inayokuja. Ndani kuna mtambo unaotengeneza wimbi la kinyume chake: kelele ikipanda, wenyewe unashuka. Mawili yakikutana sikioni yanafutana. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko babu zetu wengi. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza yake Marekani mwaka 1936. Halafu mwaka 1978 Amar Bose, mwalimu wa chuo cha MIT, akiwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Boston alivaa hedfoni za abiria, akaona injini inameza muziki wote. Akaanza kupiga hesabu hukohuko angani. Mwaka 1989 kampuni yake ikaanza kuuza za marubani, na mwaka 2000 za abiria wa kawaida. Mwalimu huyo, wadau! Tusijidharau.

Ila mtambo huu una mipaka, na hapa ndipo wauzaji hawasemi. Injini ya lori yenye silinda sita ikiunguruma taratibu, mizunguko 600 kwa dakika, inatoa mapigo 30 kwa sekunde. Wimbi lake lina urefu wa mita 11 hivi. Ni refu, linajirudia vilevile, mashine ina nafasi ya kulikamata. Mluzi au sauti kali ya mapigo 3,000 kwa sekunde, wimbi lake ni sentimita 11 tu. Hilo linakuja haraka na kubadilika haraka, mashine inachelewa. Kwa hiyo inafuta mvumo, haifuti kila kelele. Shikeni hapo.

Haya, twende dukani.

JARIBIO LA KWANZA: iafoni ya sh. 15,000. Muuzaji anasema, "Madamu, hii inaua kelele zote." Nikageuza boksi, limeandikwa ENC. Nikamwambia kaka, hii siyo ANC. Akasema, "Ni hiyo hiyo dada, herufi moja tu." Herufi moja ndiyo yenye pesa yako! ENC ni ya maikrofoni: inasafisha sauti yako ili unayempigia akusikie. Wewe masikioni mwako hupati kitu. Tukajaribu. Nimesimama barabarani nikampigia Kiswahili aliyekuwa chumbani, akasema ananisikia safi kabisa. Mimi nilikuwa nasikia malori yote, moja baada ya jingine. Kwa kupiga simu ni nzuri. Kwa usingizi, sahau.

JARIBIO LA PILI: ile ya sh. 95,000, yenye ANC ya kweli. Hapa tulifanya biashara ya Tunduma: tukaacha hela yote kama dhamana, tukakaa nayo usiku mmoja, na muuzaji akachukua sh. 3,000 yake tulipoirudisha salama. Nilikuwa wa kwanza kuivaa. Unabonyeza, na lile ngurumo la dirishani linapungua kama mtu ameliwekea godoro. Raha, nisiwafiche. Lakini honi inapita. Breki zinapita. Bwana wa panya na mende anapita vizuri sana. Halafu usiku ukilalia ubavu sikio linauma, na saa kumi alfajiri betri ikakata, malori yakarudi yote kwa mpigo. Jiografia akakaa kitandani kama aliyemwagiwa maji.

JARIBIO LA TATU: hedfoni kubwa za Sony, za kaka mmoja dereva, mpwa wa mama mwenye nyumba, anayepeleka mizigo Lubumbashi. Hizi ni baba lao. Zinafunika sikio zima, kwa hiyo mto wake unazuia sauti kali na mtambo unafuta mvumo. Zote mbili zinasaidiana. Nikamuuliza kama anavaa akiwa anaendesha. Akacheka: "Mdogo wangu, hizi ni za kulalia kwenye foleni, gari imezimwa. Nikiwa barabarani masikio ndiyo vioo vyangu vya nyuma." Mnaotembea na iafoni pale kwenye bodaboda mmesikia.

JARIBIO LA NNE ndilo lililotuacha hoi. Kaka huyo akatoa kipakiti kidogo: vizibo vya sponji vya masikio, rangi ya machungwa, alivyopewa mgodini alikokuwa anashusha mzigo. Unavizungusha kwa vidole vikawa vyembamba, unavuta sikio juu, unaingiza, vinavimba vyenyewe. Havina betri, havina Bluetooth, havina taa. Vya aina hii huandikwa vinapunguza desibeli 30 hivi. Ukiviingiza ovyo unapata pungufu ya hapo, ila kwa honi na sauti za watu vilitushinda hata ile ya sh. 95,000. Mvumo wa injini ndio ulibaki kidogo, kwa mbali.

Sasa kuna kitu kilitokea usiku ule wa jaribio la pili ambacho ndicho hasa kimenifanya niandike.

Nilipobonyeza, ngurumo likapungua, nikaanza kusikia vitu ambavyo wiki tano sijawahi kuvisikia chumbani humo. Mlinzi anakohoa. Madereva wanaongea Kibemba na Kiswahili cha Kongo kwa mama wa chipsi. Na nyuma ya ukuta, kijana wa mama mwenye nyumba anasoma kwa sauti. Yuko kidato cha pili shule ninayofundisha. Alikuwa anakariri maana ya kani, somo langu la siku hiyo asubuhi, na alikuwa anairudia nusu. Nusu ya mwanzo sawasawa, halafu anakwama, anaanza upya. Mara sita, saba. Nusu ya pili hakuwa nayo kabisa.

Kijana huyu darasani hasemi. Anakaa nyuma, dirishani, upande wa barabara. Walimu wenyeji wameshaniambia ni mzito. Nikalala namfikiria.

Kesho yake nikaenda mapema na simu yangu ina programu ya kupima kelele. Si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha inatosha. Mbele, karibu na ubao, lori likiwa limesimama nje: desibeli 61. Kwenye dawati lake: 73. Halafu kumbuka sauti yangu mimi inaanzia mbele. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti inapungua kama desibeli 6. Darasani kuta zinasaidia kidogo, ila ikifika dirishani kwake imechoka, na hapo inakutana na lori. Mtoto si mzito. Nusu ya sentensi haikuwahi kumfikia.

Na hapo hakuna iafoni ya kusaidia. Huwezi kuwavalisha wanafunzi 70.

Basi tukahamia kwenye kidude cha kinyume, cha kukufanya USIKIKE. Kuna vile vipaza sauti vya kufunga kiunoni, maikrofoni inakaa mdomoni, sh. 30,000. Mwalimu mmoja wa shuleni anacho, akaniazima. We acha tu. Nilipotamka neno la kwanza, darasa zima likaangua kicheko, na mmoja wa nyuma akajibu, "Dawa ya panyaaa!" Nikisogea ukutani kinapiga yowe. Lakini dakika kumi zikipita wanazoea, na kweli walikuwa wananisikia mpaka mwisho. Tatizo, darasa la jirani nao walikuwa wananisikia.

Kilichokaa mpaka sasa ni mambo ya bure. Nafundisha nikiwa katikati ya darasa, upande wa dirisha. Honi ikipiga nanyamaza, ikiisha narudia sentensi tangu mwanzo. Maana zote zinaandikwa ubaoni. Na kila Jumatatu safu zinahama, anayekaa dirishani leo wiki ijayo yuko ukutani. Jana yule kijana alinyoosha mkono kwa mara ya kwanza. Jibu lilikuwa na kasoro, ila lilifika mpaka mwisho wa sentensi.

Vidude vingine kwa haraka, maana tulikuwa dukani tayari:

- Saa janja ya sh. 20,000, inayodai kupima mapigo ya moyo na presha. Tukaifunga kwenye ndizi mbivu. Ndizi ina mapigo 81! Kiswahili akasema iwahishwe kituo cha afya. Saa hizi zinamulika taa ya kijani na kusoma mwanga unaorudi, na ndizi nayo inarudisha mwanga. Kwa kuangalia saa ni nzuri. Mwenye presha aende akapimwe na watu.

- Pawabenki ya "20,000 mAh". Hesabu ya namba hizo ni ya betri ya ndani, volti 3.7. Ikitoka kwa volti 5 inakuwa 14,800, na kuna nyingine inapotea kama joto. Kwa simu yenye betri ya 5,000 tegemea mara tatu hivi, usitegemee nne. Ya kwetu ilichaji mara moja na nusu ikazima. Tena nyepesi kama kiberiti. Betri ya kweli ina uzito, ishike kwanza mkononi.

Kwa hiyo jibu langu kwa mlioniuliza. Kama unasafiri sana kwa basi, Iringa hadi huku ukipita Makambako na Mbeya, ANC ya kweli inafaa, mvumo wa basi ndio chakula chake. Faida nyingine, huhitaji kupandisha sauti ya muziki kushindana na injini, na hiyo ni afya: Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Soma boksi herufi kwa herufi, na omba kujaribu barabarani, usijaribie ndani ya duka. Kama ni usingizi tu, tafuta sponji kwanza.

Jiografia amebaki na hela yake, imepungua ile sh. 3,000 tu. Amehamisha kitanda kutoka ukuta wa barabara, anaweka sponji, anaweka simu chini ya mto itetemeke saa kumi na moja, maana mlio wa kengele hausikii tena. Juzi kalala saa saba mfululizo, akaamka anaimba. Sasa tatizo ni Kiswahili, ambaye amegundua kwamba Jiografia akilala fofofo anakoroma.

Sponji zimebaki jozi mbili. Mkaguzi anakuja Jumanne, tuombeane. Nawasilisha.